Kutazama Sanaa Pale Ilipotengenezewa: Safari ya Wanafunzi Italia

Kundi la wanafunzi wa sanaa linapofika Italia kwa mara ya kwanza, walimu na wanafunzi kwa pamoja hushikwa na tamaa ya kuona kila kitu. Ratiba hujazwa makumbusho asubuhi, makanisa mchana na matembezi ya mji jioni, na kesho yake kundi zima liko kwenye treni likielekea mji mwingine. Baada ya siku kadhaa za mwendo huo, ukimwuliza mwanafunzi ameona nini atakutajia majina ya wasanii wakubwa bila kukwama, lakini ukimwomba akuchoree mkono wa sanamu aliyosimama mbele yake jana, penseli haisogei. Mimi hufundisha kuchora, nami nimeongozana na wanafunzi Florence, Padua na Roma kwa ajili ya kutazama na kuchora tu. Msimamo niliorudi nao, ambao huutetea kila walimu wenzangu wanaponiomba ushauri, ni kwamba safari ya namna hii ijengwe juu ya kazi chache ambazo bado ziko mahali pale pale zilipotengenezewa, na mwanafunzi apewe muda wa kukaa nazo.

Mchoraji au mchongaji wa karne ya 14 na ya 15 aliambiwa mapema kazi yake itakaa ukuta gani, kwa kimo gani, dirisha liko upande upi na watu watasimama wapi, na mambo hayo yote aliyapigia hesabu ndani ya kazi yenyewe. Kazi ikihamishwa, hesabu hizo hubaki ndani yake bila shughuli, na mtazamaji asiyezijua hudhani fundi alikosea.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua uko katika Makumbusho ya Opera del Duomo, nyuma ya kanisa kuu la Florence. Humo mna sanamu ya marumaru ya Yohana Mwinjili akiwa ameketi, ambayo Donatello aliichonga kati ya 1408 na 1415 kwa ajili ya uso wa mbele wa kanisa hilo. Uso huo wa zamani ulibomolewa mwaka 1587, na sanamu zake zikatawanyika hadi zilipokusanywa upya. Ukiitazama sanamu hiyo kwa usawa wa macho utaona kiwiliwili ni kirefu kupita kiasi, mapaja ni mafupi, na mtume mzima anaonekana kama amevutwa kwenda juu. Niliwaomba wanafunzi waichore hivyo hivyo wanavyoiona, kisha waketi sakafuni karibu na kitako chake na kuichora tena wakiwa wameinua nyuso. Katika mchoro wa pili kiwiliwili kilipungua urefu chenyewe, mapaja yakapata uzito, na kile kichwa kilichokuwa kimesimama mbali kikashuka na kukaa sawasawa juu ya mabega. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameshika karatasi mbili mkononi, na tofauti kati ya karatasi hizo ndiyo iliyokuwa hesabu ya Donatello.

Baada ya hapo Daudi wa Michelangelo, aliye katika jumba la Accademia, hueleweka upesi. Kazi hiyo iliagizwa mwaka 1501 na wasimamizi wa kanisa kuu ili iwekwe juu kwenye ukingo wa jengo, na ilichongwa kutoka kwenye bonge la marumaru ambalo mafundi wengine walikuwa wamelianza na kuliacha miaka mingi kabla. Mwaka 1504 ilipokaribia kukamilika, kamati ya wasanii, wakiwamo Leonardo da Vinci na Botticelli, ilikutana kujadili iwekwe wapi, ikaishia kusimamishwa mbele ya Palazzo Vecchio, jumba la serikali ya mji, na mwaka 1873 ikahamishiwa ndani ilipo leo. Kichwa kikubwa na mkono mkubwa wa kulia ambavyo watalii huvishangaa vina uhusiano, kwa maoni ya wengi, na kimo kile cha kwanza kilichokusudiwa. Hata hivyo sikuwaweka wanafunzi hapo kwa muda mrefu, kwa sababu msongamano hauruhusu mtu kuchora kwa utulivu. Niliwasogeza kwenye ukumbi ule ule kwa zile sanamu nne za Wafungwa ambazo Michelangelo aliziacha nusu kwenye jiwe, kwani pale alama za patasi yenye meno zinaonekana waziwazi, mistari inayokwenda sambamba ikizunguka umbo la paja au bega kama vile mchoraji anavyotia kivuli kwa penseli.

Ng'ambo ya mto Arno, ndani ya kanisa la Santa Maria del Carmine, kuna kikanisa cha Brancacci, na kama ningelazimishwa kuwaonyesha wanafunzi mahali pamoja tu Florence ningechagua hapo. Masolino na Masaccio walianza kuzichora kuta zake miaka ya 1420. Masaccio alifariki Roma mwaka 1428 akiwa bado hajafikisha miaka 27, na sehemu iliyobaki ikamaliziwa na Filippino Lippi katika miaka ya 1480. Moto ulioliunguza kanisa mwaka 1771 uliharibu sehemu kubwa ya jengo, lakini kikanisa hicho kilinusurika. Dirisha la humo liko nyuma ya altare, na Masaccio alichora kana kwamba mwanga wote wa ndani ya picha unatoka kwenye dirisha hilo. Upande wa kushoto watu wameangazwa kutoka kulia, upande wa kulia wameangazwa kutoka kushoto, na vivuli vyao vinalala sakafuni kwa mwelekeo ambao kivuli cha mtazamaji mwenyewe kingelala. Mwanafunzi mmoja aliinua penseli yake mbele ya uso, akaigeuza taratibu mpaka upande wake wenye mwanga ukalingana na upande wa mwanga wa pua ya Mtume Petro aliyechorwa ukutani, kisha akaanza kuchora bila kusema neno. Na pale pale kando ya dirisha, Masaccio amemchora huyo Petro akipita njiani huku kivuli chake kikiwaponya wagonjwa, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume. Sijui kazi nyingine ambamo kivuli kimepewa kazi nzito namna hiyo, tena kimechorwa mahali ambapo kivuli cha kweli kingeweza kuanguka.

Kikanisa hicho kilitufaa pia kufundishia namna michoro ya ukutani ilivyofanywa. Fundi alipaka lipu ya chokaa na mchanga, na ingali mbichi akachora juu yake kwa rangi iliyosagwa na kuchanganywa na maji. Chokaa inapokauka hufungamana na hewa na kuwa ngumu kama jiwe, ikiishika rangi ndani yake. Kwa hiyo kila asubuhi ilipakwa lipu ya kutosha kazi ya siku ile tu, na iliyobaki bila kuchorwa jioni ilikwanguliwa. Ukisimama pembeni na kuutazama ukuta kwa kuuinamia, mwanga ukiupitia kwa juujuu, mipaka ya siku moja na nyingine huonekana kama mikunjo myembamba inayozunguka vichwa na mabega. Wanafunzi wangu waliitafuta mipaka hiyo kwa hamu kubwa, na walipotambua kwamba Adamu na Hawa wanaofukuzwa bustanini, wale ambao kilio chao kinauumiza moyo mpaka leo, walichorwa kwa siku chache tu za kazi, waliacha kulalamika kwamba muda niliowapa wa kuchora ni mfupi.

Masaccio huyo huyo yuko katika kanisa la Santa Maria Novella, kwenye ukuta wa kushoto, ambako karibu mwaka 1427 alichora Utatu Mtakatifu. Amebuni kikanisa kizima ndani ya ukuta ulio bapa, chenye dari la mviringo lililogawanywa mraba mraba, na mistari yote ya dari hilo inashuka na kukutana chini ya msalaba, takriban kwenye usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Katika picha ya kitabuni jambo hilo hulijui, kwa sababu kitabu unakishika popote. Pale kanisani wanafunzi walirudi nyuma hatua kwa hatua, wakasogea, wakarudi tena, mpaka kila mmoja akaona dari linafunguka na ukuta unatoboka. Mmoja wao aliweka rula kwenye mchoro wake na kuvuta mistari, nayo ikakutana pale ilipotakiwa. Chini ya picha kuna mifupa ya mtu iliyolala juu ya kaburi, na maandishi yanayomkumbusha apitaye kwamba aliyelala hapo alikuwa kama yeye. Maneno hayo nayo yanamhitaji mtu aliyesimama pale, kwa miguu yake.

Kuhusu matembezi, nimesikia mara nyingi kwamba sehemu ya utalii katika safari kama hii ni ya kupumzisha akili baada ya kazi ya sanaa. Sikubaliani na hilo. Mji wenyewe ni sehemu ya somo, na anayeutembea Florence bila kuufikiria kama mchoro amepoteza nusu ya alichokwenda kukitafuta. Tulipanda kwanza hadi uwanja wa Piazzale Michelangelo, tukaendelea kupanda hadi kanisa la San Miniato al Monte, na kutoka huko juu wanafunzi wakachora mji wote: paa za vigae vyekundu, mto, vilima vya Fiesole kwa mbali, na katikati ya yote kuba la kanisa kuu lililojengwa na Filippo Brunelleschi kati ya 1420 na 1436. Kesho yake tukapanda ngazi 463 za kuba lenyewe. Ngazi hizo zinapita katikati ya makuba mawili, moja ndani ya jingine, na kuna mahali ambapo unaweza kuona matofali yaliyopangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki, mengine yamesimama wima kuyashika yaliyolala yasiteleze kabla ya chokaa kukauka. Kwa mpangilio huo Brunelleschi aliweza kulifunika tundu lenye upana wa mita 45 hivi bila kusimamisha kiunzi cha mbao kutoka ardhini, na vifaa vilipandishwa kwa mashine aliyoibuni, iliyozungushwa na ng'ombe. Aliyelichora kuba hilo kutoka kilimani kama mstari mmoja laini, kisha akapita ndani ya unene wake akigusa kuta kwa mabega, hawezi tena kulichora kwa wepesi ule wa kwanza. Jiwe la kijivu walilolikuta kwenye nguzo za kanisa la San Lorenzo lilichimbwa katika vilima vile vile walivyovichora kama mandhari ya nyuma.

Niseme machache juu ya maandalizi, kwa kuwa walimu huniuliza. Kuba, Brancacci na kikanisa cha Padua nitakachokitaja huingiwa kwa nafasi iliyowekwa mapema, na kundi kubwa likichelewa hakuna atakayelisubiri. Uffizi, jumba kubwa la picha la Florence, na Accademia hufungwa Jumatatu. Makanisa mengi hufungwa saa za mchana, hayaruhusu utalii wakati wa misa, na mabega na magoti sharti yafunikwe. Wanafunzi walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio katika makumbusho ya serikali. Chukueni penseli, kwa sababu wino na rangi kwa kawaida hukataliwa karibu na kazi za sanaa, na daftari la michoro lisizidi ukubwa ambao mtu anaweza kuushikilia kwa mkono mmoja akiwa amesimama. Mwongozaji mwenye kipaza sauti na vifaa vya masikioni anafaa sana kwa historia ya mji, lakini mbele ya kazi za sanaa niliomba tuachwe peke yetu, kwani mtu anayesikiliza maelezo mfululizo hutazama kile tu anachoambiwa. Niliwagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi kikapewa kazi moja kwa saa nzima. Hata katika Uffizi, ambako kuna vyumba vingi kuliko nguvu za miguu, kila mwanafunzi alichagua picha moja na kukaa nayo, na waliosimama mbele ya Judith wa Artemisia Gentileschi ndio waliokuwa wagumu zaidi kuondoka.

Padua tulikwenda kwa ajili ya michoro ya ukutani ya Giotto. Kikanisa cha Scrovegni kiliwekwa wakfu mwaka 1305, na kuta zake zimefunikwa kwa maisha ya Bikira Maria na ya Yesu, chini ya dari la buluu lenye nyota za dhahabu. Ili kuilinda michoro, wageni huingizwa kwa makundi madogo, hukaa kwanza kwenye chumba cha kungojea ambamo hewa husawazishwa, kisha huruhusiwa kukaa ndani kwa takriban robo saa. Kwa hiyo kazi kubwa niliifanya kabla ya kuingia. Kila mwanafunzi alikuwa ameshachagua tukio moja kutoka kwenye picha za kitabuni na kujua liko ukuta gani. Wengine walichagua maombolezo juu ya mwili wa Yesu, ambamo watu wawili wamekaa wakitupa mgongo na nyuso zao hazionekani kabisa. Kuchora migongo miwili kwa robo saa inatosha, na migongo hiyo imebeba huzuni kuliko nyuso nyingi zilizowahi kuchorwa.

Hatua chache kutoka hapo liko kanisa la Eremitani, na hapo ndipo hoja yangu hukutana na pingamizi zito. Katika kanisa hilo Andrea Mantegna alichora kuta za kikanisa cha Ovetari akiwa kijana, na tarehe 11 Machi 1944 mabomu yaliliangukia kanisa na kuiangamiza karibu michoro yote. Vilivyobaki ni vipande vichache. Vilevile tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika, maji na mafuta ya kupashia moto majumba yakaingia kanisa la Santa Croce huko Florence, na Msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue ukapoteza sehemu kubwa ya rangi yake. Milango ya shaba ya Ghiberti ya nyumba ya ubatizo iling'olewa vibao vyake kadhaa na nguvu ya maji. Leo milango halisi imo ndani ya makumbusho na nje zimewekwa nakala, kama ilivyo kwa Daudi, na mimi sina ujasiri wa kusema zirudishwe mvuani. Kazi ikibaki mahali pake inaishi, lakini pia inaweza kufa hapo. Nilipowaeleza wanafunzi habari za gharika ile tukiwa Santa Croce, kilichowagusa zaidi ni wale vijana waliofika kutoka nchi nyingi, wengi wao wanafunzi kama wao, wakapanga mistari na kupokezana vitabu na picha vilivyojaa matope, hata watu wa mji wakawaita malaika wa matope. Tulilitazama jeraha la Msalaba ule kwa muda mrefu. Wanafunzi wawili walichora zile sehemu zilizopotea tu, wakiacha karatasi tupu mahali penye rangi, na nadhani ilikuwa miongoni mwa michoro ya kweli zaidi ya safari nzima.

Roma ina mengi mno, na nitayapita mengi. Katika Kikanisa cha Sistina kupiga picha ni marufuku na kuchora ni vigumu kwa sababu ya umati, lakini nililitaka jambo moja tu. Michelangelo alichora dari lile kati ya 1508 na 1512, kiasi cha mita 20 juu ya sakafu, akianzia upande wa mlango kuelekea altare. Tukio la gharika ya Nuhu limejaa watu wadogo wadogo, lakini kadiri unavyokwenda mbele watu hupungua idadi na kukua umbo. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba jukwaa liliposhushwa katikati ya kazi aliweza kuitazama kutoka chini, akarekebisha. Hata Michelangelo alihitaji kusimama pale pale atakaposimama mtazamaji. Wanafunzi waliotoka kwenye sakafu ya Donatello hawakuhitaji kuambiwa zaidi ya hapo.

Katika kanisa la San Luigi dei Francesi, ambako hakuna kiingilio, Caravaggio alichora Kuitwa kwa Mathayo mwaka 1599 hadi 1600, kwenye ukuta wa kushoto wa kikanisa chembamba. Mwanga wa picha unatoka kulia juu, upande ule ule lilipo dirisha juu ya altare, kama ilivyo kwa Masaccio zaidi ya miaka 170 kabla yake. Picha huonekana kwa mshazari, ukiwa umesimama ukingoni na kuitazama kwa pembeni, na hapo mkono wa Yesu ulionyoshwa unaonekana unatoka karibu na altare na kuvuka chumba mpaka kwa mtoza ushuru. Wanafunzi walipanga zamu za kusimama mahali hapo pamoja palipowafaa, na walipeana nafasi kwa adabu iliyonifurahisha, kila mmoja akimwonyesha mwenzake aweke miguu wapi.

Kundi lijalo nitalipeleka pia Arezzo, iliyo kwenye njia ya treni kati ya Florence na Roma. Huko, nyuma ya altare kuu ya kanisa la San Francesco, Piero della Francesca alichora historia ya Msalaba wa Kweli, pamoja na usingizi wa Konstantino unaoangazwa na malaika ashukaye usiku. Uffizi itawekwa mwishoni, baada ya makanisa yote, ili wanafunzi wakifika mbele ya picha iliyoondolewa altareni wajue maswali ya kuiuliza: ilikaa kimo gani, dirisha lilikuwa wapi, na waliopiga magoti mbele yake walikuwa umbali gani.